Nenda na Mzigo, Rudi na Mzigo

Nairobi, 14 Machi 1967

Kwa Bibi yangu Batuli binti Mabruki, Ng'ambo, Tabora.

Shikamoo Bibi. Mimi mjukuu wako Abasi ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yenu tu. Nisalimie Baba Mdogo Omari, umwambie shati alilonipa limenikaa vizuri ingawa mikono yake ni mifupi. Wasalimie majirani wote, pamoja na yule mbuzi mweusi kama hajachinjwa.

Baada ya salamu, nimefika. Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, treni tena mpaka hapa kwenye baridi. Nimepata kazi kwenye uwanja wa gofu. Mchana narekebisha fimbo za wanachama, jioni wakishaondoka naruhusiwa kucheza. Bibi, huku shimo limezungukwa na majani yaliyokatwa mpaka yakawa kama zulia. Kwetu Tabora ni mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari, na Nikolaus mtunza uwanja akiburuta gunia juu yake kuusawazisha. Kule mpira ulitaka nguvu ndipo ufike shimoni. Huku nikiupiga vile, unaruka shimo na kwenda zake. Wenzangu wanasema napiga kama mtu anayepigilia msumari. Wacheke tu, nitajifunza.

Maneno yako ya mlangoni sijayasahau. Siku ile uliponyunyiza unga wa mtama kizingitini ukasema, "Nenda na mzigo, rudi na mzigo," niliona haya kwa kuwa Omari alikuwa akitazama. Sasa nayasema peke yangu nikiwa nasugua fimbo za watu. Sikuja huku kusugua, Bibi. Miguu inaniwasha. Nataka kushindana na hawa wanaolipwa kwa kucheza, nishinde, nije nyumbani na kombe mkononi.

Mjukuu wako,
Abasi

Ng'ambo, Tabora, 2 Mei 1967

Mume wangu Abasi,

Marahaba. Sisi tu wazima, mvua imenyesha vizuri, mbuzi mweusi tulimla Idi. Wote wanakusalimu.

Kwanza ugomvi. Barua yako umeiandika kwa herufi za serikali, ikabidi Omari anisomee. Omari hasomi barua, anahutubia. Aliisoma barazani, mafundi cherehani wa jirani wakasimamisha mashine zao wasikilize. Wewe ulisoma chuoni, ukachapwa mpaka ukazijua herufi za Qurani. Niandikie kwa hizo kama ninavyokuandikia mimi, nisome mwenyewe. Mambo ya mke na mumewe si ya baraza.

Huyo Omari tangu litoke Azimio amekuwa balozi wa nyumba zetu hizi, na haambiliki. Anasema gofu ni mchezo wa mabeberu na kwamba umekwenda kuwa kibaraka. Nikamwambia, babu yake Abasi alibeba pembe za Waarabu mpaka Bagamoyo, na hakuna aliyemwita kibaraka aliporudi na majora ya nguo na jembe jipya. Kubeba si aibu. Aibu ni kurudi mikono mitupu. Zama zetu mpagazi aliyerudi bila mzigo alilala nje ya kaya, mkewe akijifanya hamjui. Kwa hiyo unga wangu usiuone haya. Ndivyo walivyoagwa waliokutangulia.

Na usidhani nimesahau kwamba fimbo yako ya kwanza ilikuwa mwiko wangu. Mwiko wa mninga, zawadi ya ndoa yangu, ukaenda kuupigia mipira kwenye mchanga wa Nikolaus. Ukaurudisha unanuka gereji. Nilisonga nao ugali mara moja, babu yako akauliza kama tumehamia karakana ya reli. Mwiko ule nimeuchomeka darini. Ukirudi tutaongea habari zake.

Bibi yako,
Batuli

Nairobi, 28 Novemba 1971

Bibi, shikamoo.

Natumaini miguu haikusumbui tena. Nimefurahi kusikia Shangazi Tatu wa Usinge amevuna vizuri. Naandika kwa herufi zako, kwa hiyo kaa peke yako usome polepole.

Nimeshinda. Mashindano makubwa ya wazi, wale wa ng'ambo ya bahari wakiwamo. Siku ya mwisho ilinyesha asubuhi nzima, majani yakalowa na kuwa mazito. Tulibaki wawili tuliolingana, mimi na mtu mmoja mrefu kutoka Uingereza. Yeye alitangulia kupiga pale shimoni. Aliusukuma mpira kwa ule ustaarabu wao, ukasimama njiani kama punda aliyegoma. Mimi nikatazama yale maji, nikamkumbuka Nikolaus na oili yake. Nikapiga kama nilivyopiga nyumbani, kama mtu anayepigilia msumari. Mpira ukapasua maji ukaingia. Hakuna aliyecheka.

Kombe ni la fedha, lina masikio mawili, na urefu wake ni kama mkono wa mtu toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nilipolishika nilikuona wewe umesimama kizingitini, wallahi. Nalileta, Bibi. Waambie.

Abasi

Ng'ambo, Tabora, 9 Januari 1972

Mume wangu,

Marahaba, na hongera. Nilisoma barua yako mara nyingi mpaka karatasi ikalegea.

Nimewaambia. Ng'ambo yote inajua, na Mtendeni wanajua, na sokoni ukipita wanauliza, "Kombe linakuja lini?" Akina mama wa lelemama wameshona sare. Omari, yule yule wa mabeberu, ameniuliza kwa sauti ya chini kama kombe linaweza kuwekwa ofisi ya chama angalau kwa juma moja. Nikamwambia kwanza lipite kizingiti changu, kisha nitafikiri. Wanauliza linaingia uji kiasi gani. Nimesema linatosha kaya nzima, usiniaibishe.

Nimeagiza unga mpya wa mtama. Njoo upesi, sare zitawapwaya, hawa wanawake wanakonda kila mwaka.

Bibi yako

Kitwe, Zambia, 17 Agosti 1972

Bibi, shikamoo. Samahani kwa kimya. Poleni kwa msiba wa jirani, nimepata habari zake kwa barua ya Shangazi.

Kombe haliondoki.

Sikujua, Bibi. Nilidhani mtu akishinda kitu ni chake. Kumbe mshindi hulishika akapigwa picha, jina lake linaandikwa kwenye ubao ukutani, kisha kombe linarudishwa kabatini na kufungiwa. Nilimwomba mwenyekiti wa klabu nilichukue nije nalo Tabora nikuoneshe, nirudi nalo. Alinicheka bila ubaya, kama unavyomcheka mtoto anayetaka kuhamisha kisima. Hela nilipewa, na zile nilizokutumia zilikuwa humo. Lakini Ng'ambo haikuambiwa inakuja hela.

Nimekuja Kitwe kwa sababu huku mshindi huondoka na kombe lake moja kwa moja. Nimekuwa wa pili. Wa pili hapewi kitu cha kubeba. Nasikia Ndola lipo jingine mwakani, kisha Lagos. Usiseme nije na sanduku la nguo. Nishuke stesheni kama mchuuzi, lelemama wamesimama na sare zao? Siwezi. Waambie tu njia ni ndefu.

Abasi

Ng'ambo, Tabora, 11 Februari 1975

Kwa Abasi,

Bibi yako anasema marahaba, naye ni mzima. Anasema kalamu yake ya mwanzi imevunjika, wino wake umekauka, na uzee umemletea uvivu, kwa hiyo mimi Omari naandika anayoyasema. (Naandika kila neno, hata yale yanayonitukana.)

Mume wangu, dunia imehama. Shangazi yako Tatu ameondolewa kwake kule msituni Usinge, sasa wako kijiji kipya cha ujamaa hapo karibu na stesheni, nyumba zimepangwa mstari kama askari. Anasema maji yako karibu lakini mzinga wake wa asali uko mbali. (Hili ni jambo la maendeleo. Omari.) Chakula kilikuwa shida, tumekula ule unga wa njano, na sukari ni ya foleni.

Uwanja wako wa gofu umelimwa muhogo. Ilikuwa amri ya kilimo, kila penye nafasi pakalimwa, na mkuu wa shughuli alikuwa huyu anayeandika. Pale palipokuwa na shimo uliloliita la mwisho pana muhogo mzuri sana, mweupe, hauna uchungu. Nikolaus sasa ni mlinzi wa shamba. Anafukuza ngedere kwa fimbo ya gofu, na nasikia hajakosa hata mmoja.

Watu hawaulizi sana habari za kombe. Baadhi ya wale wenye sare wamekwisha kufa, wamezikwa, na sare zao hazijavaliwa. Siulizi na mimi. Nasema tu mchwa wameanza kula kizingiti changu.

Bibi yako, kwa mkono wa Omari

Nairobi, 3 Juni 1975

Bibi, shikamoo. Baba Mdogo, shikamoo.

Mimi sijambo kabisa. Mwaka huu nimepumzika mashindano kidogo kwa sababu ya mgongo, lakini nafundisha, na watu wakubwa wananiita kwa jina. Lagos nilifika, palikuwa na joto. Nimekuwekea khanga mbili kwenye kifurushi hiki.

Habari ya uwanja nimeipata. Muhogo ni chakula.

Bibi, nakuomba jambo moja. Niandikie mstari wa mkono wako, hata mmoja, hata kama hauna maana. Nimezoea kuona jinsi unavyovuta mkia wa herufi ya mwisho.

Abasi

Ng'ambo, Tabora, 25 Septemba 1976

Mume wangu,

Marahaba. Khanga zimefika, moja nimevaa, moja nimeficha isije ikaombwa. Tu wazima, joto kali, visima vya Mtendeni vimekauka lakini chetu bado.

Unamkumbuka Raymundi, yule gadi wa treni ya Kigoma, mtoto wa Josepha muuza maandazi? Alipelekwa Nairobi na shirika la reli kwa mafunzo. Akakutafuta uwanjani. Anasema alikukuta unawafundisha wake za wakubwa jinsi ya kusimama. Akakuomba upige japo mpira mmoja aje atusimulie. Ukasema mgongo unauma. Kisha mkanywa chai, na anasema ulikishika kikombe kwa mikono yote miwili, na bado kisahani kililowa.

Mimi sijawahi kusikia mgongo unaomwaga chai.

Sikuulizi. Nimesema alichoona Raymundi tu. Ulivyokuwa mdogo ukiumwa ulikuwa unajificha nyuma ya pipa la maji, na mimi nilikuwa naosha vyombo hapo karibu mpaka utoke mwenyewe. Naosha vyombo.

Bibi yako, kwa mkono wa Omari

(Abasi, uandike. Mama yangu anakaa kizingitini tangu asubuhi. Omari.)

Nairobi, 20 Machi 1977

Bibi, shikamoo.

Nimeandika kwa herufi zako ili Omari asiweze kusoma. Nampa mtu anayekwenda Kampala aiposti huko, maana mpaka wetu umefungwa, barua na watu havipiti.

Ni mkono, Bibi. Wa kulia. Ulianza Ndola. Nilikuwa nimebakiza mpira mfupi, mtoto angeuingiza kwa mguu, na kombe lile lilikuwa la kuchukua. Nikainama, mkono ukaanza kutetemeka kama si wangu. Nikapiga, mpira ukapita pembeni. Nikasema ni uchovu. Lagos ukatetemeka tena. Kampala ukatetemeka mbele ya watu, nikasikia mtu anacheka na kupiga mluzi. Daktari mmoja akasema ni mishipa, mwingine akasema ni hofu. Mimi nafikiri mkono umechoka kutafuta.

Sitashinda tena. Nimesema. Hakuna kombe, na sasa hata njia hakuna. Nikilala naota ule mchanga wa oili, naota kwamba nikipiga pale mkono utatulia, kisha naamka nakumbuka pamekuwa muhogo. Nahama chumba kila baada ya miezi michache, sijui natoroka nini. Mwenye nyumba ananiuliza kama nina madeni.

Ulisema aibu ni kurudi mikono mitupu. Wangu si mtupu tu, umeharibika. Kwa hiyo usinisubiri, Bibi. Funga mlango ulale.

Abasi

Ng'ambo, Tabora, 8 Julai 1977

Abasi mume wangu,

Marahaba, na kabla ya yote, wewe ni mjinga na mimi ni mjinga, tunafaana.

Barua yako imefika imechakaa kama iliyotembea kwa miguu. Umeiandika kwa herufi zangu ili nisome peke yangu. Sikuweza. Macho yameniishia, Abasi. Yalianza kufifia mwaka ule wa unga wa njano, na sasa naona mwanga wa mlango tu, nani kaingia sijui. Ndiyo maana ya kalamu iliyovunjika. Omari hizo herufi alizisahau zamani, alikuwa mtoro wa chuo. Ikabidi niipeleke kwa mwalimu wa chuo aisome, na Omari akakataa kutoka chumbani. Siri yako uliyoifunga sana tumeisikiliza watu watatu. Mwalimu alilia. Omari anasema yeye hakulia. (Sikulia. Nilikuwa na mafua.)

Sasa nisikilize. Maneno ya kizingitini hayaondolewi na mtu mwingine ila aliyeyasema. Ndivyo ilivyokuwa tangu misafara, na ndiyo maana wanawake waliyasema kwa tahadhari. Mkewe mpagazi akisikia mumewe ameugulia njiani, aliamka alfajiri, akaosha kizingiti kwa maji ya kisima, akaelekea upande alikokwenda na kumfungua kwa jina. Hapo hata akirudi anatambaa, kaya ilimpokea.

Jana alfajiri Omari alinichotea maji. Nimekiosha kile kizingiti, kilichobaki na mchwa. Nimeelekea huko uliko nikasema, "Abasi, mzigo nimekutua. Rudi." Mwalimu alipita akielekea msikitini, akaguna kuwa hayo si ya dini. Nikamwambia amwombee mtu aliye njiani, hilo ni la dini.

Hakuna anayengoja kombe. Mimi sikuwahi kungoja kombe, nilikuwa naringa tu kama wanawake wengine. Pita unakojua. Babu yako hakuwa na reli wala mpaka wazi, na alifika.

Bibi yako, kwa mkono wa Omari

Usinge, 6 Oktoba 1977

Bibi, shikamoo.

Niko kwa Shangazi Tatu. Yeye ni mzima na anakusalimu, nyumba yake ni ya tatu kwenye mstari, na mzinga ameuhamishia nyuma ya jiko ingawa walimkataza.

Nimezunguka, Bibi. Uganda, Rwanda, Burundi, kisha boti ya ziwani mpaka Kigoma. Huko Ujiji nilitembea kwa miguu kidogo kwenye barabara ile ya zamani, ili tu nikanyage alipokanyaga Babu. Nikapanda treni, na gadi alikuwa Raymundi. Alinikumbatia akanipa maandazi ya mama yake. Tabora ilikuwa kesho yake asubuhi. Hapa Usinge treni iliposimama nikashuka. Raymundi aliita, sikugeuka.

Sikuweza, Bibi. Najua umenifungua. Miguu inakubali, moyo unaona haya. Nina siku kadhaa hapa, natoka naingia, Shangazi anasema namchosha kwa kunitazama. Nikaomba kipande cha mninga na kisu, nikakuchongea mwiko. Kwa mkono huu. Umepinda, upande mmoja mnene upande mmoja mwembamba, na mpini una makovu kila mkono ulipochezacheza. Shangazi anasema utafaa kukorogea pumba za kuku.

Ndio mzigo wangu wote. Sijui kama mtu anaweza kuingia Ng'ambo na kitu cha namna hii. Raymundi anapita tena, nampa barua hii. Jibu lako atanirudishia.

Abasi

Ng'ambo, Tabora, 8 Oktoba 1977

Mume wangu,

Marahaba. Raymundi amesimama mlangoni ameshika bendera yake, anasema treni haimsubiri mtu, kwa hiyo salamu za majirani utazipata kwao wenyewe.

Mwiko ulete. Ule wa zamani nimeutoa darini leo, nimeunusa, bado ni gereji tupu. Ugali wa kesho kutwa utasongwa na huo uliopinda. Tutapata mabonge na tutayala.

Omari atakuwa stesheni. Amekataa kabisa kuleta ngoma, nimeshukuru. Anasema atakutambua kwa lile shati lake lenye mikono mifupi, maana anaamini bado unalo. (Kama huna, vaa lolote. Nitakutambua. Nimemwambia Nikolaus, naye anakuja, anasema ana mchanga nyuma ya nyumba yake na oili kidogo. Omari.)

Mimi shati sitaliona, wala mwiko, wala uso wako. Nitakaa kizingitini, nimenyoosha mkono. Wapitao ni wengi, na wote siku hizi wananisalimia kwa sauti za vijana. Basi ukifika usijikaze, wala usiushike huo mkono wako kwa ule mwingine. Nipe ukiwa unatetemeka hivyo hivyo, nijue ni wewe.

Bibi yako,
Batuli